Randa ya Kushoto Niliyoikana

Pooole. Hiyo ndiyo sauti ambayo haijanitoka masikioni mpaka leo. Si pole ya mtu mmoja aliyekukuta umejikwaa njiani, ni pole ya kanisa zima kwa mpigo, kina mama upande wao, wanaume upande wao, na watoto waliokaa sakafuni mbele wakachelewa kidogo wakaimalizia ile "le" peke yao, na mimi nimesimama karibu na altare nikiwa nimefungwa kitambaa kwenye mkono wa kulia, mkono ambao haukuwa na ugonjwa wowote, mzima kama huo wako ulioshikia karatasi hii. Naona aibu kusimulia, sikatai. Lakini kwa kuwa nusu ya watu wa hapa kwetu Endagikot wanaisimulia wenyewe na kuiongezea chumvi (kuna anayesema nilizimia, sikuzimia), nimeona bora niisimulie mimi niliyekuwa ndani yake.

Naitwa Paskalina, nyumbani wananiita Paska. Shule niliishia kidato cha pili, halafu nikaingia kujifunza useremala kwa Fundi Bura, na sababu yake msinicheke, ni kwamba napenda milango. Nikipita mbele ya nyumba yenye mlango mzuri nasimama kuutazama mpaka mbwa wa watu wanaanza kubweka. Nilikuwa najiona siku moja natengeneza mlango wa hoteli kubwa, wageni wanaingia wanauliza nani kauchonga huu, wanaambiwa ni binti mmoja wa Mbulu. Hayo ndiyo nilikuwa nayawaza miaka miwili mizima huku kazi yangu halisi ikiwa kupiga msasa na kuchemsha chai ya mafundi.

Basi kanisa la kigango chetu likawa linajengwa upya, kuta zimesimama, bati limepanda, yamebaki matundu saba ya madirisha yaliyozibwa kwa turubai, na upepo ukija katikati ya somo linapigapiga mpaka msomaji anasubiri. Waumini wakaleta mbao za mninga zilizotoka mbali, za kuhesabika, na Fundi Bura akapewa kazi ya fremu. Siku hiyo akaniita, mimi nikiwa na sufuria ya chai mkononi.

"Paska, fremu za kigango ni zako," akasema. "Zikinyooka, unapata meza yako ya kazi hapa ndani. Zikipinda, unarudi kwenye msasa na hatutaongea tena habari hii."

Nikajibu "sawa Fundi" kwa sauti ya mtu mzima, halafu nikaenda nyuma ya karakana nikarukaruka peke yangu kama mtoto aliyeona mvua.

Sasa kuna jambo moja la kuwaambia kabla sijaendelea. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Na kwetu mnajua ilivyo, mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, hausalimii, hauli mbele ya wageni. Nikiwa mdogo nilimpelekea mzee mmoja kikombe cha uji kwa mkono huo, akakitazama tu, hakukipokea, mpaka mama akatoka jikoni akanichapa kofi la mkono nikahamisha kikombe, ndipo mzee akakipokea na kuendelea na maongezi kama hakuna kilichotokea. Kuanzia hapo nikajifunza, mbele ya watu ni kulia, nikiwa peke yangu ni kushoto. Na karakana nzima hakuna aliyekuwa anajua, kwa sababu msasa hauulizi mkono.

Siku moja asubuhi akaja Bibi Elizabeti, mjane wa Mzee Tluway aliyekuwa fundi wa zamani hapa kwetu kabla hata Fundi Bura hajashika nyundo. Alikuwa amebeba kitu kizito kwenye kitenge. Mle ndani tulikuwemo mimi, Fundi Bura, mwenzangu Danieli, na Katekista Yohana pamoja na wazee wawili wa kigango waliokuja kukagua mbao.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiye wewe unayetengeneza madirisha?"

"Ndiyo Bibi."

Akafungua kitenge juu ya meza, zikatoka randa mbili, zile za kukatia ngazi pembeni mwa ubao, pale kioo kinapokuja kukaa. Kwa asiyejua, randa hii si kama ile ya kawaida ya kulainishia ambayo ukiishika kwa mkono wowote inakwenda. Hii ina kipande cha ubao ubavuni, kizuizi, kinachotembea kwa kugusana na ubao unaouchonga ili usitoke kwenye mstari. Kizuizi kikiwa ubavu wa kushoto, randa ni ya mtu anayesukuma kwa kulia. Kikiwa ubavu wa kulia, ni ya mtu wa kushoto. Ukikosea kuchagua unakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya kushoto miguu yote miwili, utatembea, lakini watu watakuangalia.

"Marehemu alikuwa wa kushoto," Bibi akasema. "Hii alinunua kwa ajili ya wanafunzi wake. Hii nyingine alichonga mwenyewe, ile ya dukani ilikuwa inamtesa."

"Mzee Tluway wa kushoto?" Katekista akashangaa. "Mbona miaka yote alinisalimia kwa kulia?"

"Kusalimia ni kusalimia, Katekista. Kazi ni kazi."

"Haya. Lakini mimi mtoto akinipa kitu kwa mkono wa kushoto namwambia arudi kwao akaanze upya kuzaliwa."

Wazee wakacheka, Danieli akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote (hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa). Bibi Elizabeti hakucheka. Alinigeukia akaniuliza taratibu, "Wewe unasukuma kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Bibi."

"Una hakika?"

Ile randa ya kushoto ilikuwa pale, imeng'aa pale kiganja cha marehemu kilipokuwa kinakaa, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo wangu umeshikilia sketi. "Nina hakika, Bibi."

Akanipa ile ya dukani, nikaipokea kwa adabu, mkono wa kulia mbele na wa kushoto umegusa kiwiko. Ile nyingine akaifunga tena kwenye kitenge. Akasema basi hiyo ataipeleka kwa fundi mmoja wa Katesh aliyejifunza kwa marehemu, labda yeye anamjua mtu wa kuitumia.

Kesho yake nikaanza fremu ya kwanza. Nikasukuma kwa kulia kama nilivyosema. Randa ikatetemeka kama ndama anayejifunza kusimama, ikaruka, ikaacha alama. Nikajaribu tena, vilevile. Fundi alikuwa ameenda mjini, Danieli yuko nje anapasua, nikajisemea hapa hakuna mtu, nikageuza ubao, nikahamia upande mwingine, nikaishika kwa mkono wangu wenyewe. Ikaenda vizuri sana, niseme ukweli, nilianza hata kuimba. Shida ni kwamba kwa kugeuka vile kizuizi kikawa upande wa ukutani nisikokiona, nacho kikawa kinateleza pole pole kwenda zake, na mimi nasukuma tu na kuwaza ile hoteli yangu. Nilipokuja kuinama kutazama, ule mstari ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe wa Yaeda Chini, na katika kujaribu kuurudisha, kisu cha randa kikazama, kikang'oka kibanzi cha mninga kirefu kama mkono wangu. Mninga wa waumini.

Fundi Bura akaingia nikiwa bado nimekishikilia kile kibanzi.

Hapo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikajisikia nasema, "Fundi, nimeteguka kifundo cha mkono, wa kulia, ndiyo maana randa imenishinda."

Yule mzee hakugomba. Aliitazama mbao, akanitazama mimi, akaenda akachana kipande cha khanga iliyokuwa inafunikia maji ya kunywa, akanifunga mkono mwenyewe, pole pole, akiniuliza kila mzunguko kama anabana sana. Nikasema hapana Fundi, haibani. Ilikuwa inabana mahali pengine.

Kuanzia hapo jambo likatoka mikononi mwangu. Mama aliposikia alinikanda kwa maji ya moto (na mkono mzima ukikandwa vile unauma kweli, kwa hiyo nililia, machozi yakawa ushahidi). Kesho yake wakaja kina mama wa jumuiya kutoa pole, Mama Danieli akaleta maziwa ya mgando kibuyu kizima, mwingine akaleta majani fulani ya kuchua, mwingine hakuleta kitu ila alikaa saa mbili akinisimulia habari za shemeji yake aliyeteguka hivyohivyo na kidole kikabaki kimepinda milele. Nikawa naitikia "asante mama, asante mama" huku natazama chini.

Lakini niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Ile wiki ilikuwa tamu. Mkono wa kulia umefungwa, kwa hiyo nilikula kwa kushoto mbele ya wageni na hakuna aliyeguna, nilisalimia wazee kwa kushoto nikasema "samahani kwa mkono huu," wakasema "usijali binti, pole." Nilimimina chai, nilifagia, nilifunga kamba, yote kwa mkono wangu, mchana kweupe. Na karakanani, kwa kuwa randa ile nilikuwa siiwezi, nikaanza kukata ile ngazi ya kioo kwa patasi, mkono wa kushoto, kidogo kidogo, na ilinyooka. Fundi Bura alisimama nyuma yangu siku ya Ijumaa akapitisha ukucha kwenye kona.

"Ajabu," akasema. "Mkono wako mgonjwa ungejifunza kwa huu mzima."

Nikajifanya sikusikia. Fremu moja na nusu zilikuwa zimekamilika, na meza yangu niliiona inakuja.

Jumapili ikafika. Padre siku hiyo hakuwepo, ibada iliongozwa na Katekista, na kwenye matangazo akasema tumwombee binti yetu Paskalina, fundi wa madirisha yetu, aliyeumia mkono katika kazi ya Mungu. Katika kazi ya Mungu, alisema hivyo. Akaniita mbele. Hapo ndipo ilipokuja ile pole niliyowaambia. Wakaniombea na kwaya ikaimba beti mbili. Mama yangu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi nikamwomba Mungu jambo moja tu, kwamba tumalize haraka.

Tukamaliza. Tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama ilivyo desturi, walioleta kuku na mahindi na mayai vinanadiwa pale uwanjani kwa ajili ya ujenzi. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya mayai ya mama kwa mkono wa kushoto, nimesimama mbele kabisa (mgonjwa anapewa nafasi). Akaletwa jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, na mnadishaji akamwinua juu ili watu wamwone vizuri. Kamba ikafunguka. Jogoo akaruka, akaja moja kwa moja usoni kwangu na makucha yake yote.

Sikufikiri. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe ukamdaka miguu yote miwili hewani, ukamgeuza kichwa chini, ukamshikilia imara anapigapiga mabawa, na wala yai moja halikuvunjika. Nilimdaka vizuri sana, niseme ukweli. Kitambaa cha Fundi Bura kikalegea, kikashuka taratibu, kikabaki kinaning'inia na kupepea pamoja na mabawa.

Uwanja mzima ukageuka kunitazama.

Halafu kijana mmoja wa kwaya akasema, "Sala ya leo imefika mapema."

Ningeokoka kama watu wangecheka. Hawakucheka. Bibi mmoja wa nyuma akapiga kigelegele, wa pili akadakia, wakaunga wote, watu wakaanza kupiga makofi, kuna mtu akatoa simu akaanza kurekodi, na Katekista Yohana akaja mbio amenyoosha mikono, macho yamemlowa, akaniambia, "Binti, njoo mbele utoe ushuhuda."

Jamani. Kumdanganya Fundi ni jambo moja. Lakini kusimama mbele ya wale watu na kusema nimeponywa. Nilipiga hatua kama tatu, trei mkono huu, jogoo mkono huu, na nikamwona Fundi Bura. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa amefumba jicho moja ananitazama kwa lile lingine, vile anavyotazama ubao anaoshuku umepinda.

"Mkono haujapona," nikasema.

Katekista akasema, "Umepona binti, tunauona."

"Haujapona kwa sababu haukuumia. Nilidanganya. Mimi ni wa kushoto, nilichagua randa ya kulia kwa kuona aibu, ikanishinda, nikaharibu mbao ya kigango, nikasema nimeteguka. Naomba mnisamehe."

Vigelegele viliisha kimoja kimoja, kama mvua inavyokatika kwenye bati. Nikasikia sauti ya Mama Danieli, "Na maziwa yangu?"

"Niliyanywa, Mama."

Hapo ndipo wakacheka, na walicheka sana, na video hiyo ilifika Dongobesh kabla mimi sijafika nyumbani. Katekista alisimama pale hajui mikono aiweke wapi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Yale maneno ya mtoto kuanza upya niliyasema ili watu wacheke tu," halafu akanipokea jogoo, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kitabu. Sidhani kama alijiona.

Bibi Elizabeti alikuja mwisho, watu wakiwa wameanza kutawanyika.

"Nilikuuliza swali moja tu, mjukuu. Na nilikuuliza mara mbili."

"Nisamehe Bibi. Ile randa..."

"Imeondoka jana na gari la Katesh." Alinishika bega. "Ningekupa bila hata kuuliza, kama ningejua unaogopa wazee wawili na Katekista."

Mama alitangulia kwenda nyumbani. Jioni akaweka ugali mbele yangu, akasema, "Kula kwa mkono unaoutaka. Ila wageni wakija, nipumzishe."

Jumatatu nilifika karakanani kabla ya mtu yeyote nikachukua msasa mwenyewe, sikusubiri kuambiwa. Fundi Bura akaja akasema fremu atamalizia Danieli. Nikasema sawa. Nilidhani yameisha, lakini akabaki amesimama.

"Mbao ikipasuka ninaiunga," akasema. "Na mkono wa kushoto mimi unanihusu nini? Lakini ulikaa hapo kwenye kigoda, nikakufunga kitambaa, nikakuuliza kama kinabana."

Nikainamia ubao. Nilipiga msasa fremu zote saba, nyingi zikiwa za Danieli, na niliusikia kila mnyooko wa mbao kwa vidole vyangu kama mtu anayepapasa kitu kilichokuwa chake. Zilipokwenda kufungwa nilishika ngazi. Watu wakipita wananiuliza mkono unaendeleaje, nawaambia unaendelea vizuri, asanteni, na wakicheka nacheka nao, maana ninastahili. Randa ya Mzee Tluway mpaka leo iko Katesh. Nasikia yule fundi hakumpata mtu wa kushoto, ameiweka dirishani kama pambo.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu akikuuliza jambo dogo kwa upole, umjibu ukweli hapohapo kabla halijakua likahitaji kwaya. Na sitafunga kitambaa tena maisha yangu yote, hata nikikatwa kweli nitaacha damu ijieleze.

Siku moja, madirisha yalipokuwa yameshawekwa vioo, ulipofika muda wa chai Fundi Bura akavaa kofia yake. Chai siku hizo walikuwa wanakwenda kunywa kwenye kibanda cha barabarani. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Meza ile ya mwisho haina mtu," akatoka, Danieli akamfuata.

Nikaiendea. Ile meza ilikuwa na jiliwa la chuma la kubania mbao, limefungwa ncha ya kushoto kama kwenye meza nyingine zote mle ndani, pale linapomfaa mtu anayesukuma kwa kulia. Nikatafuta spana. Nikafungua bolti nne, moja ilikuwa na kutu nikaigongagonga kwanza. Nikalibeba jiliwa kifuani, zito kuliko nilivyodhani, nikazunguka nalo, nikatoboa matundu mapya manne upande wa pili, nikalifunga ncha ya kulia, nikakaza.